Hewa ya kale katika mawe ya Mariakani

Kila lori linalotoka bandari ya Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi hupanda mizani Mariakani. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa lori zima pamoja na shehena yake, na dereva aliyezidisha anajua kinachomngoja. Foleni inasonga polepole, wachuuzi wa korosho na maji baridi wanafuata madirisha, moshi wa dizeli unapanda. Katika upimaji wote huo kuna mzigo mmoja usiopimwa. Juu ya kila mita moja ya mraba ya lami ya Mariakani, kuanzia chini mpaka angani inakokwisha, imesimama hewa yenye uzito wa takriban tani 10. Hatuuhisi uzito huo kwa kuwa hewa inatusukuma kutoka pande zote, na miili yetu nayo inaisukuma kwa nguvu ileile.

Asilimia 78 ya hewa hiyo ni nitrojeni, 21 ni oksijeni, karibu 1 ni agoni. Hewa ukaa, gesi inayozungumzwa kila panapotajwa mabadiliko ya tabianchi, haifiki hata nusu ya sehemu moja ya kumi ya asilimia. Wanafunzi wetu huikariri orodha hiyo kana kwamba ndivyo hewa ilivyokuwa tangu dunia ianze. Sivyo kabisa. Kwa sehemu kubwa zaidi ya umri wa dunia, binadamu ambaye angesimama mahali hapa asingemaliza dakika chache akiwa hai, kwa kukosa cha kuvuta. Hewa tunayoivuta ilitengenezwa, ikaharibika, ikatengenezwa tena, na ushahidi wake unakanyagwa kila siku na watu wa Kaloleni, Rabai na Kilifi.

Chukua barabara kutoka Voi kushuka pwani, safari isiyofika kilomita 170. Voi na vilima vya Taita vimekaa juu ya miamba iliyopikwa na kukunjwa na joto la ardhini zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita. Ukishafika Taru unaingia kwenye mawe ya mchanga na udongo mgumu, na kutoka hapo yanapangana kwa umri kadiri unavyokaribia bahari: mawe ya Taru, ya Maji ya Chumvi, ya Mariakani, ya Mazeras. Wanajiolojia wameyaita yote kwa pamoja Kundi la Duruma. Ripoti ya J. M. Miller kuhusu eneo la Mariakani mpaka Mackinnon Road ilitolewa mwaka 1952, na P. V. Caswell akafuatia na ya Mombasa na Kwale mwaka 1953, kisha ya Kilifi na Mazeras mwaka 1956. Ukivuka Mazeras na kugeuka kaskazini unakutana na mawe ya chokaa ya Kambe, na mwisho kabisa, Vipingo, Kilifi na Watamu, ni matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu bahari iliposhuka. Nayaona mawe haya kama daftari la duka: kilichotoka hewani kimeandikwa humo, na kilichorudi pia. Wa kufuatwa katika hesabu hizo ni kaboni.

Kurasa za kwanza kabisa hazipo Pwani. Dunia ina umri wa miaka kama bilioni 4.54, na gesi nyepesi za mwanzo, haidrojeni na heliamu, zilitoroka mapema. Hewa ya pili ilitoka tumboni mwa dunia yenyewe kwa njia ya volkeno: mvuke wa maji, hewa ukaa, nitrojeni na gesi za salfa. Ol Doinyo Lengai kule Tanzania na Nyiragongo juu ya mji wa Goma bado zinaifanya kazi hiyo mbele ya macho yetu. Mvuke ulipopoa ukanyesha, mvua ikajaza bahari, na bahari ikaanza kuyeyusha hewa ukaa na kuizika chini ikawa mawe. Nitrojeni haiungani na vitu kwa urahisi, kwa hiyo ilibaki juu, na ndiyo maana imejaa hewani mpaka leo. Oksijeni huru haikuwapo.

Tunajuaje? Kwa Wakenya, jibu liko upande wa pili wa nchi, vilima vya Samia katika kaunti ya Busia. Wahunzi wa Kisamia walisifika kwa majembe waliyoyafua kwa chuma cha vilima hivyo, na miamba ya chuma yenye mistari mistari inayopatikana kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na wa Tanzania, ni ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilijikusanya chini ya bahari. Chuma kiliweza kusafiri humo kimeyeyuka kwa sababu maji hayakuwa na oksijeni ya kukifanya kutu. Kisha vijidudu vidogo, sayanobakteria, vikaanza kuutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, huku vikitoa oksijeni kama taka. Kwa muda mrefu sana taka hiyo ilimezwa na chuma cha baharini na gesi za volkeno. Ni kuanzia miaka kama bilioni 2.4 iliyopita ndipo oksijeni ilipoanza kubaki hewani, na bado ilikuwa kidogo mno.

Kuna sehemu ya kisa hiki iliyochunguzwa hapa hapa Kilifi, na inanisikitisha kuwa vijana wengi wa Malindi huiona minara ile baharini bila kuelezwa kazi iliyofanywa pale. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini mkabala na kijiji cha Ngomeni, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 kwa roketi ya Kimarekani. Ndani yake mlikuwa na kifaa alichokibuni mwenyewe, mizani ya Broglio, cha kupima jinsi hewa nyembamba ya juu kabisa inavyoivuta setilaiti nyuma. San Marco 3 ilifuata mwaka 1971, nyingine mwaka 1974, na ya mwisho mwaka 1988. Ngomeni ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta. Vipimo hivyo viliwasaidia wataalamu kuelewa jinsi hewa ya juu inavyovimba na kunywea kufuatana na joto la jua. Huko juu ndiko dunia inakovuja. Mpaka leo inapoteza haidrojeni, takriban kilo 3 kila sekunde, na kuvuja huko kwa mamilioni ya karne kumechangia oksijeni kupata nafasi, kwa kuwa haidrojeni inayoondoka moja kwa moja haiwezi kurudi kuungana nayo ikawa maji.

Lakini sababu kubwa ya oksijeni kuongezeka ni maziko. Mmea unapokua hutoa oksijeni. Unapokufa ukaoza, kuoza kwake hutumia oksijeni ileile, na hesabu inakuwa sifuri. Oksijeni hubaki hewani pale tu mwili wa kiumbe unapofunikwa na matope kabla haujaoza, kaboni yake ikanasa chini. Wachimbaji wa vito wa Taita wanayafahamu mawe meusi yanayong'aa na kuacha weusi mkononi, ambayo ndani yake hupatikana kito cha kijani cha tsavoraiti. Weusi ule ni grafiti, kitu kilekile kilichomo kwenye penseli, na asili yake ni matope ya bahari yaliyojaa mabaki ya viumbe kabla ya milima ya kale kuyakunja na kuyapika. Oksijeni iliyotolewa na viumbe wale haikuwa na kaboni ya kurudi kuungana nayo. Mtoto anayechora kwa penseli shuleni Wundanyi ameshika upande mmoja wa mapatano ambayo upande wake wa pili uko kifuani mwake.

Sasa tufike Mariakani kwenyewe.

Yale mabamba bapa ya mawe yaliyobandikwa kwenye kuta na kutandazwa kwenye vijia vya nyumba kuanzia Mtwapa mpaka Nairobi, yanayoitwa mawe ya Mazeras, yanatoka kwenye machimbo ya ukanda huu. Mafundi huyapasua kwa nyundo na tindo, nayo hufunguka kwa tabaka. Mara nyingi uso wa bamba huwa na mikunjo midogo sambamba: hayo ni mawimbi ya maji mafupi yaliyopita juu ya mchanga, yakafunikwa na tope jipya kabla ya kufutika. Mchanga wa Mariakani ulitandazwa na mito na maziwa katika enzi ya Triasi, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Bahari ya Hindi haikuwapo. Madagaska ilikuwa imeshikana na Afrika, na zote zilikuwa sehemu ya bara kubwa la Gondwana.

Chini ya mawe hayo, na nyuma yake kiumri, yako ya Maji ya Chumvi. Mwaka 1992 mtafiti O. Hankel alichapisha uchunguzi wake wa chavua na mbegu za vumbi zilizonaswa ndani yake, na ukaonyesha kuwa matabaka hayo yanaanzia mwisho wa enzi ya Permia na kuingia Triasi. Kati ya enzi hizo mbili, miaka milioni 252 iliyopita, palitokea maangamizi makubwa kuliko yote yanayojulikana katika historia ya uhai. Zaidi ya asilimia 80 ya aina za viumbe wa baharini zilitoweka.

Kilichoua ni hewa. Siberia ilipasuka, na lava ikamwagika kwa mamia ya maelfu ya miaka juu ya eneo lenye ukubwa wa nchi kadhaa. Njiani ilipita kwenye matabaka ya makaa ya mawe na chumvi, ikayachoma, na kaboni iliyokuwa imelala chini ikarudi hewani kwa wingi. Joto likapanda, maji ya bahari yakawa na tindikali zaidi, na yakapungukiwa na oksijeni. Kabla ya hapo, Gondwana ilikuwa na misitu mikubwa ya mabondeni, na misitu hiyo ndiyo iliyogeuka makaa ya mawe ya Kiwira na Ngaka kusini mwa Tanzania. Baada ya hapo, kwa muda wa kama miaka milioni 10, makaa ya mawe hayakutengenezwa popote duniani. Misitu ya kuyatengeneza ilikuwa imekufa. Mtu akipita Maji ya Chumvi kwa gari moshi la SGR huona vichaka, mbuzi na udongo mkavu, na sidhani kama wengi wanajua kwamba wanavuka matabaka ya zama ambazo uhai ulikaribia kuzimika.

Mchanga wa Mariakani umetandikwa juu ya zama hizo, katika dunia iliyokuwa ikijaribu kupona. Makadirio ya wataalamu yanatofautiana, ila mengi yanaiweka hewa ukaa ya Triasi juu ya mara tatu ya ile iliyokuwapo kabla ya viwanda vyetu. Ilipunguzwaje? Mvua inaponyesha huyeyusha hewa ukaa kidogo na kuwa na tindikali hafifu. Tindikali hiyo hula miamba, mito hubeba kilicholiwa mpaka baharini, na huko hujengwa upya kuwa mawe ya chokaa. Kazi hiyo huipoza dunia, lakini ni ya taratibu mno. Huchukua mamia ya maelfu ya miaka. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mpiga kura wa Kilifi alielewe. Dunia inajua kujisafisha, lakini haijui kuharakisha.

Mazeras ni jirani, na mchanga wake ni mnene zaidi. Ndani yake hupatikana magogo yaliyogeuka mawe, ishara kuwa misitu ilikuwa imerudi.

Kisha bahari ikaja. Karibu miaka milioni 168 iliyopita, Madagaska ilipokuwa ikijitenga, maji ya chumvi yaliingia kwenye ufa huo na viumbe wake wakajenga mawe ya chokaa ya Kambe. Sehemu ya msitu mtakatifu wa Kaya Kambe, mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, imeota juu ya mawe hayo. Jiwe la chokaa lililo safi ni hewa ukaa kwa asilimia 44 ya uzito wake. Lori lenye tani 28 za mawe hayo limebeba zaidi ya tani 12 za gesi iliyowahi kuwa hewani, ambayo konokono na matumbawe waliifunga katika nyumba zao.

Wahenga wa Pwani walijua kuifungua. Tanuri la chokaa, matumbawe yakipangwa juu ya magogo ya mikoko na kuchomwa, ndilo lililojenga Gede, Mnarani, Malindi na Takwa. Moto hulitoa jiwe hewa yake, inabaki chokaa hai. Fundi akiichanganya na maji na mchanga akapaka ukutani, lipu hiyo hukauka kwa kuvuta tena hewa ukaa kutoka hewani mpaka ikawa jiwe kwa mara ya pili. Kwa hiyo lipu ya kaburi maarufu la Gede lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria yaani 1399 Miladia, imeshika kaboni ya hewa waliyoivuta mafundi waliolijenga. Kwangu hakuna kumbukumbu ya mji ule iliyo karibu na wenyeji wake kuliko hiyo.

Saruji huanza kwa njia hiyohiyo: jiwe la chokaa linachomwa, hewa yake inatoka. Tofauti ni wingi, na ni mafuta na makaa yanayouwasha moto. Tanuri la Gede lilitumia miti iliyokuwa imevuta kaboni yake miaka michache kabla. Tanuri la kiwanda huongeza kaboni iliyolala tangu enzi za Permia. Simlaumu mtu anayenunua mfuko wa saruji ajengee watoto wake. Nami naishi chini ya zege. Lakini hesabu lazima isemwe wazi. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, kaunti ya Kwale, ulioanza kuuza hifadhi ya kaboni mwaka 2013, unatambuliwa kwa kuzuia takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka kwa kulinda hekta 117 za mikoko, na pesa zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Ni kazi ya kujivunia, na ningependa kuona Mida na Ngomeni zikipata kama hiyo. Kiasi hicho cha gesi, hata hivyo, kimo ndani ya malori yasiyofika 250 ya mawe ya chokaa, bila kuhesabu moto wa kuyachoma. Tusiwabebeshe akina mama wa mikoko mzigo wa viwanda.

Maandishi ya karibuni zaidi yako Malindi, chini ya maji. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa tabaka, mwaka hadi mwaka, na kila tabaka hushika kemia ya maji ya msimu wake. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake walichapisha katika jarida la Science kumbukumbu ya miaka 194 waliyoisoma kutoka tumbawe moja la Malindi; inaonyesha bahari yetu ikizidi kupata joto, na jinsi inavyofuata mienendo ya Bahari ya Pasifiki iliyo mbali sana. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake wakasoma jingine lenye miaka kama 300, wakakuta tangu mapema karne ya 20 udongo ulioletwa na mto Sabaki umeongezeka sana, baada ya nyanda za juu kulimwa kwa mfumo wa kikoloni. Mwaka 1998 maji yalichemka kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani hii yakapauka na kufa. Wavuvi wa Malindi na Watamu wenye umri wa kutosha wanaukumbuka mwaka huo.

Juu ya Mlima Kenya, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo cha kupima hewa kilichofunguliwa mwaka 1999, sehemu ya mtandao wa dunia nzima. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, 280 hivi zilikuwa hewa ukaa. Charles Keeling alipoanza kupima Hawaii mwaka 1958 zilikuwa 315. Sasa zimepita 420. Volkeno za Siberia zilifanya kazi yao kwa maelfu mengi ya miaka; sisi tumefika hapa kwa umri wa babu wachache. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba hewa imebadilika siku zote kwa hiyo tusihangaike. Imebadilika, ndiyo. Mawe ya Maji ya Chumvi yanaeleza gharama yake, na mawe ya Mariakani yanaeleza urefu wa kupona.

Ningependa walimu wa Mariakani, Kaloleni na Rabai wafundishe somo hili nje ya darasa. Wachimbaji nao wakipasua bamba wakakuta unyayo, jani au samaki, wasilivunje kokoto. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda visukuku, na Makumbusho ya Kitaifa yana ofisi Fort Jesus na Gede zinazoweza kupokea taarifa. Kwa mwalimu asiye na vifaa, somo linaanza hivi. Aokote jiwe la chokaa la kando ya barabara ya Kambe, si la ndani ya kaya, maana kaya ina wazee wake. Alikwangue kwa msumari mpaka utoke unga, kisha akamulie ndimu au amwagie siki. Povu litakalochemka ni hewa ukaa iliyozikwa kabla Madagaska haijaenda mbali, na wanafunzi wakisogea karibu wataisikia ikitoka.